Ning'oe Jino la Mbele

Asmahani binti Mfaume alikuwa na meno yote ambayo Mungu humpa mtu mzima. Hakuna lililotoboka, hakuna lililopinda. Asubuhi ile alikuwa amekuja kwenye kliniki ya meno ya kambi ya jeshi kuomba apunguziwe moja.

Alikaa kwenye benchi la nje, mtandio ameuvuta hadi puani, katikati ya wanajeshi waliovimba mashavu. Hawa walikuwa wanaume waliolala porini na nyoka na kuvuka mito bunduki zikiwa kichwani. Lakini kila mlango wa daktari ulipofunguka, walitazama chini kwa pamoja kama wanafunzi ambao hawajafanya zoezi la hesabu.

Kwenye benchi lile cheo hakikuwa na nafasi. Ndivyo alivyoamuru Sajini Paskazia, msaidizi wa daktari, mwanamke mpana wa Kaliua mwenye sauti ya mtu aliyekulia karibu na treni. "Nyota zako ziache getini," alikuwa akiwaambia wakubwa. "Hapa anatangulia anayeumwa zaidi." Meja akimpisha kuruta, hakuna aliyeshangaa. Raia wa jirani nao walitibiwa hapohapo, kwa sheria hiyohiyo.

Sajini akatoka, akamwona Asmahani, akashika kiuno.

"Wewe tena."

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Mara ya kwanza ulikuja na gego la kulia. Ukaja na la kushoto. Ukaja na fizi. Leo umetuletea nini?"

"La mbele."

"La mbele! Magego yameisha, sasa tumehamia barazani."

Benchi zima likacheka, kisha likaguna kwa maumivu, maana mtu mwenye jipu la jino hapaswi kuchekeshwa. Aliyeguna zaidi ni Koplo Eliya, jitu la mtu, shavu moja limejaa kama aliyeficha embe. Ndiye mwalimu wa Asmahani. Kila alipokuja na jino la uongo, Asmahani alimuuliza yeyote aliyekaa karibu, "Hivi linauma vipi hasa?" ili akamwambie daktari kwa ufasaha. Eliya alikuwa amemfundisha kwa moyo wote: kwanza linagonga, halafu linapanda sikioni, halafu hulalii upande ule tena. "Likianza kukufunga taya, dada, na mate yakakataa kumezeka, hapo usiite mama. Ita daktari. Au ita sheikh."

"Sajini, mpishe dada atangulie," Eliya alisema sasa.

"Wewe hujala tangu jana."

"Nitangoja. Huoni analia?"

Ni kweli alikuwa analia. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa, ila hayakutoka kwenye jino. Asmahani akainuka, akapita mbele ya mtu mgonjwa kwa miguu mizima, akaingia.

Kapteni Nasri alikuwa amempa mgongo, ananawa mikono. Alipogeuka, barakoa ilikuwa usoni, na juu ya barakoa yalikuwapo macho yale. Heshima inatutaka tuseme kidogo kuhusu macho yale. Asmahani aliyapenda muda mrefu kabla hajaona pua iliyo chini yake. Hakujua kama mwenye macho ana midomo mizuri au ana masharubu ya kutisha. Alijua tu kwamba yakimtazama, mtu anafungua kinywa kwa hiari. Na daktari naye aliujua ulimi wa binti huyu kabla ya kulijua jina lake. Wapendanao wengi huanza na salamu. Hawa walianza na "Sema aaa."

"Asma," Nasri alisema taratibu. "Nimekuambia usije tena kwa uongo. Kama unataka kuniona, kuna Ijumaa, nyumbani kwa dada yangu..."

"Mashangazi wa Mustafa, yule wa duka la spea, wanafika leo kuniposa."

Taulo likamdondoka mkononi.

Sajini Paskazia, aliyeingia nyuma ya Asmahani na kuuacha mlango wazi kama adabu inavyotaka, akaanza kupanga koleo kwenye trei kwa kelele nyingi, ili watu wawili wasisikike. Yeye alisikia kila kitu.

"Leo saa ngapi?" Nasri akauliza.

"Adhuhuri. Wanatoka Igunga. Wanakula, wananitazama, wanachukua neno la baba, wanapanda basi. Kesho wana binti mwingine wa kumtazama Nzega, kwa hiyo neno wanalitaka leoleo."

"Na baba atasema nini?"

"Ameshanunua mchele, Nasri. Unadhani atasema nini?"

Daktari akakaa kwenye kigoda chake. Asmahani akapanda kwenye kiti kile kirefu, akalala chali, akafunua uso. Akaweka kidole kwenye jino la mbele, la juu, lile linaloonekana kwanza mtu akitabasamu.

"Hili. Ning'oe hili."

"Lina nini?"

"Halina kitu. Ndiyo maana nalichagua. Wanawake wale wanataka binti mwenye meno. Kwa mtoto mwingine wa kaka yao wamemkataa mchumba kwa sababu ya pengo dogo tu, wakasema watazaa vibogoyo. Nikicheka waone giza, wataondoka wenyewe. Baba hatakuwa amevunja ahadi, mimi sitakuwa nimekataa. Jino moja tu, Nasri. Wewe unang'oa kila siku, unatupa kwenye ndoo."

Nasri akavua barakoa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mgonjwa akiwa kitini.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sing'oi jino zima. Hata Jenerali akiniamuru, simng'oi mtu jino zima. Nitakuja kwa baba yako. Leo. Nitaongea naye."

Asmahani akacheka, kicheko kibaya. "Uje kufanya nini? Kumnyooshea kidole mbele ya watu tena?"

Hapo kidonda kikaguswa, nasi tueleze kilivyopatikana.

Mzee Mfaume wa Gongoni alikuwa sonara. Babu yake alifika Tabora kwa njia ya misafara, na mfuko wa nyundo ndogo begani, na tangu hapo ukoo wao umevisha dhahabu shingo, vidole na masikio ya mji huu. Na meno. Mtu akitaka gego lake ling'ae, alikwenda Gongoni akavishwa kofia ya dhahabu. Mzee mwenyewe alikuwa nayo moja, kwenye gego la chini, kazi ya mwisho ya marehemu baba yake kabla macho hayajamwishia.

Nasri alipotuma wazee kupeleka posa, Mzee Mfaume hakukataa. Alisema tu, "Ngoja nikamwone." Siku hiyo madaktari wa meno wa jeshi walikuwa Itetemia wakitibu watu bure na kufundisha wananchi. Mzee akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda, akakaa mstari wa mbele kumpima mkwe kwa macho yake. Daktari akasema utani mmoja kuhusu mswaki. Mzee akacheka. Dhahabu ikang'aa juani.

Na Kapteni Nasri, ambaye hutazama vinywa vya watu kabla ya sura zao, akanyoosha kidole. "Kama mzee wangu huyu hapa mbele! Mwone alivyopendeza. Lakini jino likiozea ndani ya dhahabu, ndugu zangu, mwenyewe hajui, mpaka usaha umfike shingoni. Msiwape masonara meno yenu."

Umati ulicheka. Kila mtu pale alijua ni nani huyo mzee na anafanya kazi gani. Kila mtu isipokuwa daktari.

"Baba alikupa njia," Asmahani alisema sasa. "Alisema urudi palepale Itetemia, mbele ya watu walewale, useme ulikosea. Basi. Maneno mawili."

"Nilikwenda nikamwomba radhi kwa kumnyooshea kidole. Nilipiga magoti, Asma. Ila niseme kwamba nilichofundisha ni uongo?"

"Ndiyo! Uongo mdogo! Watu wote huwa wanasema!"

"Nilimzika rafiki yangu Kornel," Nasri akasema.

Sajini Paskazia akaacha kupanga koleo.

"Tulikuwa kwenye operesheni, mbali, mimi bado msaidizi wa daktari tu. Kornel alipona risasi. Alipona malaria. Alikuwa na jino lililovishwa dhahabu, tukimtania kwamba akifa tutagawana. Siku alipovimba tulicheka. Alipofunga taya tukatafuta gari. Alifia njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, anatafuta pumzi. Mama yake aliniuliza mwanawe aliuawa na adui gani. Ningemjibu nini? Ndipo nikaomba nisomee meno. Wenzangu wakanicheka, wakaniita askari wa mswaki. Sawa. Sasa unataka nikasimame Itetemia niwaambie watu kwamba lile jino halikumuua?"

Nje mtu alikuwa akiguna polepole kwa kila pumzi.

Asmahani alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alimwonea huruma Kornel, alimwonea huruma mama yake. Lakini mwenye kukata tamaa hana nafasi ya huruma nyingi. Akamrudia yule wa kwake.

"Uliombwa useme neno moja dogo, ukakataa. Leo nakuomba ung'oe jino moja dogo, unakataa. Jino ni langu. Maumivu ni yangu. Wewe utapoteza nini kwa ajili yangu, Nasri? Nitajie kitu kimoja."

Nasri aligeuza kichwa. Alikuwa anatazama mlangoni.

"Anayeguna pale nje ni nani?" akauliza.

"Koplo Eliya, Afande," akasema Paskazia.

"Na nani amepita mbele yake?"

Uso wa Asmahani ukawaka moto.

"Ungenipenda," akasema, huku akishuka kitini na viatu mkononi, "ungening'oa."

"Kwa sababu nakupenda..."

"Usimalizie. Usiniambie kitu kizuri sasa hivi. Nitaishi nacho Igunga, kwenye duka la spea."

Akatoka. Benchini, Koplo Eliya alimtazama kwa jicho moja lililolowa. "Amekusaidia, dada?" akauliza kwa taabu. Asmahani akapita kama aliyepigwa kofi.

*

Mashangazi walifika na mkungu wa ndizi, kuku hai wawili na macho makali mno. Mkubwa wao, Bi Mwanajuma, alikaa kwenye mkeka wa chumba cha mbele kama hakimu. Alimwita Asmahani, akampa karanga kiganjani.

"Tafuna, mwanangu, nikuone. Enhe. Na upande huu. Sasa cheka."

Asmahani akacheka. Lilikuwa tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, lakini meno yote yalikuwapo, yamejipanga, meupe, yamemsaliti.

"Mashaallah," akasema shangazi mdogo. "Kama punje za mahindi mabichi."

Mama yake Asmahani akapakua wali. Mzee Mfaume alikaa kwenye kiti chake karibu na meza ya usonara, shuka limezungushwa shingoni mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa la kuchoma bati. Alikuwa amewapokea wageni kwa kupunga mkono tu. Wote walidhani ni ukubwa.

"Baba Asmahani," Bi Mwanajuma alianza baada ya kunawa, "sisi basi halitungoji. Binti tumemwona, tumemkubali. Tunataka neno lako. Na tunataka neno la mdomo. Kichwa kutingishwa hatuchukui. Yule wa kwanza tuliyemposea Mustafa, baba yake alitingisha kichwa tukafurahi tukapiga vigelegele, kesho yake akasema alikuwa anafukuza nzi."

Shangazi mdogo akathibitisha: hakukuwa na nzi hata mmoja.

Mzee Mfaume akajisogeza mbele ya kiti. Asmahani akafumba macho. Alikuwa amelitarajia neno lile wiki nzima, na bado alijikuta anashika ukingo wa mkeka kama anayezama.

Neno halikuja.

Akafumbua macho. Baba yake alikuwa amefungua midomo, lakini meno hayakuachana. Sauti ilitoka nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Uzi wa mate ukamshuka kwenye kidevu. Akaufuta haraka kwa shuka. Shuka likasogea kidogo. Chini ya taya palikuwa pameumuka, pamekaza, panang'aa.

Linagonga. Linapanda sikioni. Hulalii upande ule tena.

Wiki mbili zilizopita baba alihamisha mto wake. Asmahani ndiye aliyetandika kitanda, akaona. Alikuwa akitafuna upande mmoja. Alianza kuweka karafuu shavuni, akasema ni kwa ajili ya harufu. Yeye, bingwa wa kuumwa meno kwa uongo, mwanafunzi bora wa benchi lile, alikuwa amekaa nyumba moja na ugonjwa wa kweli asiuone, kwa sababu alikuwa na shughuli ya kujililia.

Likianza kukufunga taya, na mate yakakataa kumezeka.

"Mzee ana haya," Bi Mwanajuma akacheka. "Sema tu, baba. Neno moja."

Mzee Mfaume akajaribu tena. Jasho lilimtoka. Macho yake yalimpata Asmahani, na macho yale yalisema wazi: nyamaza. Wageni wamo ndani. Sonara wa meno ya dhahabu, kwenye nyumba ya dhahabu, mbele ya watu wa Igunga. Nyamaza, mwanangu.

Asmahani alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya. Akinyamaza, labda baba angejikaza, neno lingetoka, na yeye angekwenda Igunga. Halafu baba angeingia chumbani akafunga mlango, akafa kwa heshima. Akisema, angemvunjia baba yake uso palepale alipovunjiwa mara ya kwanza, kwa kosa lilelile.

"Baba ana jino bovu," Asmahani alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Chini ya dhahabu. Limeoza, limemfunga taya, hawezi kumeza. Mama, shika mkono wake. Tunakwenda sasa hivi."

Mama akasimama bila kuuliza kitu. Mzee Mfaume alimnyooshea binti yake kidole, kidole kikaanguka.

"Tunakwenda wapi?" akauliza Bi Mwanajuma.

"Kwa askari wa mswaki," akasema Asmahani, na kilio alichokuwa amekizuia kikamtoka chote.

*

Bajaji ya kwanza ilimbeba Mzee, mkewe na Asmahani. Ya pili iliwabeba mashangazi, ambao hawakualikwa, lakini hawakutoka Igunga kuja kukosa jambo.

Benchi lilikuwa bado limejaa. Wa kwanza alikuwa Meja mmoja mwenye kitambaa shavuni. Alimwona mzee akishushwa, akaona shingo ile, akasimama bila kuambiwa. Wa pili naye akasimama. Mpaka Koplo Eliya, aliyekwisha kung'olewa na kukaa pembeni na pamba mdomoni, alisimama wima akapiga saluti. Asubuhi walimpisha binti kwa maumivu ya uongo. Sasa walimpisha baba, na Asmahani akapita katikati yao ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Nasri alimtazama Mzee Mfaume. Safari hii alitazama sura kwanza.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuweza kuitikia. Alifumba macho. Lilikuwa jibu pia.

"Tangu lini hamezi?"

"Nadhani tangu jana," Asmahani alisema. "Taya leo. Kalala upande wa kulia wiki mbili. Ana homa, mshike." Akamsogelea. "Si uongo, Nasri. Safari hii si uongo."

"Najua," akasema. Akawa tayari anavaa glovu. "Kwa uongo huwa unaeleza vizuri zaidi."

Sindano ya ganzi ikaingia. Kapteni akatoka kidogo kwenda kupiga simu hospitali, watayarishe kitanda na dripu, maana uvimbe wa namna ile ungelala hadi kesho ungemziba mzee koo. Wakati huo Sajini Paskazia alibaki na mgonjwa, anamfuta jasho. Na kwa kuwa mgonjwa hakuweza kumnyamazisha, aliongea.

"Binti yako alikuwa hapa asubuhi, Mzee. Kalala kwenye kiti hikihiki. Unajua alitaka nini? Ang'olewe jino la mbele. Zima! Ili wale mama pale nje wamkatae."

Macho ya Mzee yakafunguka.

"Sajini!" Asmahani akalia.

"Nyamaza wewe, mimi naongea na mzee mwenzangu. Alimlilia Kapteni, Mzee. Akamwambia ungenipenda ungening'oa. Na Kapteni anampenda, hata koleo zangu zinajua. Jino lile ndilo lililokuwa limesimama kati yake na mke. Angelivuta, posa imekufa, binti yuko Tabora." Akakamua kitambaa. "Akakataa kuligusa. Binti alipoondoka nikamkuta Kapteni kasimama hapa, hawezi kushika chombo. Koplo wa watu nimemng'oa mimi."

Nasri akarudi. Hakuna aliyemwambia kilichosemwa.

Ganzi ilikuwa imelegeza taya kiasi cha koleo kupita; akafanya kazi kimya. Usaha ulitoka mwingi, na harufu yake tutaiheshimu kwa kutoielezea. Kisha akashika lile gego. Mzee Mfaume akamshika mkono ghafla, akaukaza. Asmahani alielewa.

"Anaogopa utaikata. Kofia. Babu ndiye aliyeitengeneza. Ndiyo ya mwisho."

Nasri akainama karibu na sikio la mzee. "Sitaikata, baba. Inatoka na jino lake. Nitaivua huku nje, itakuwa nzima." Akaigusa kofia kwa ncha ya kidole. "Nimeona nyingi. Hii imekaa miaka yote hii bila kulegea. Mkono ulioifanya ulikuwa mkono wa fundi. Kosa halikuwa la mkono. Jino lilikuwa gonjwa kabla halijafunikwa, na siku hizo nani angemwambia?"

Mkono wa mzee ukaachia.

Lilipotoka, Sajini aliliosha, akaivua kofia, akaiweka kwenye kiganja cha mwenyewe. Ilikuwa ndogo kama punje ya kunde. Mzee akaifunika kwa vidole.

Nasri akakunja pamba, akaiweka pale palipokuwa na gego. "Uma hapa. Usiongee mpaka nusu saa iishe, damu ikate. Gari la hospitali liko njiani. Utapona, baba."

Mlango ukajaa Bi Mwanajuma.

"Alhamdulillahi! Basi sasa, Mzee, kabla hatujaachwa na basi. Lile neno."

"Hawezi kuongea, mama," akasema Nasri.

"Kwa muda gani?"

Asmahani alimtazama Nasri. Alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo. *Sema kesho. Sema keshokutwa. Nani atakuuliza? Wewe ndiye daktari.*

Nasri akayakwepa macho yale.

"Nusu saa, mama," akasema.

"Tutangoja nusu saa," akasema Bi Mwanajuma, akavuta benchi.

Basi wakangoja. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio, na mlio ule ulimwingia Asmahani kwenye mifupa. Hakulia tena; machozi yalikuwa yamekwisha. Alimwangalia mtu huyu mkaidi, mwenye damu ya baba yake kwenye glovu, mtu aliyeokoa uhai wa mzee na sasa anashindwa kumdanganya mwanamke mmoja kwa saa chache tu. Alimchukia. Akajua pia, kwa hofu, kwamba hatampenda mwingine mpaka anaingia kaburini. Kwamba atakuwa mke wa Mustafa, atauza fani belti na plagi, na kila akisikia mtu akisema ukweli usio na faida atageuka kutazama.

"Asma," Nasri alisema chini chini, bila kumtazama. "Uliniuliza nitapoteza nini."

Hakumalizia. Akageuka kuosha koleo lililokwisha kuoshwa.

Bi Mwanajuma akasimama. "Imetimia. Basi letu lishapiga honi, nimelisikia."

Nasri akatazama saa. Akaitazama tena, kana kwamba ingemwonea huruma. Kisha akasogea kwenye kiti, akasema kwa sauti ya kazi, iliyonyooka, iliyokufa:

"Baba, nusu saa imekwisha. Damu imekata. Unaweza kutema pamba."

Akaweka beseni dogo chini ya kidevu chake.

Mzee Mfaume alilitazama beseni. Alimtazama Bi Mwanajuma mlangoni, mkoba begani, sikio limetegwa. Alimtazama binti yake, midomo yake, meno yake yote ya mbele. Mwisho akamtazama kijana aliyeshika beseni, akamtazama sana, kama sonara anavyotazama kipande alichoambiwa ni dhahabu, huku na huku, akitafuta mahali pa shaba.

Kisha akafumba mdomo, akaiuma pamba kwa nguvu.

"Baba," Nasri alisema, amechanganyikiwa, "nimesema imekwisha. Unaweza kuitoa."

Mzee akaiuma zaidi, misuli ya taya ikasimama.

"Afande," akasema Sajini Paskazia, akimchukulia beseni mikononi, "mwache mgonjwa augue."

"Mzee!" Bi Mwanajuma alilia kutoka nje, tayari mguu mmoja ukiwa kwenye bajaji. "Neno moja tu! Tutaachwa!"

Mzee Mfaume akanyoosha kiganja chake, akakifungua, ile punje ya dhahabu ikang'aa katikati, na kwa mkono mwingine akaanza, taratibu na kwa heshima zote, kufukuza nzi ambaye hakuwepo.